Mdarizi aliyetaka prosesa yenye vichwa vingi

Saa tatu asubuhi, katika duka la vipuri vya kompyuta lililobanwa kati ya kinyozi na muuza rangi, mwanamke mmoja amesimama mbele ya kaunta ya kioo, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Mbele yake zimewekwa prosesa mbili, bongo za kompyuta anayotaka kuundiwa, kila moja ndogo kama kibiriti. Bei ni ileile. Anaziangalia kama mtu anayechagua mchumba kwa picha.

"Hii ina kore nne, yaani sehemu nne za kufanyia kazi, hii nane," anasema fundi wa duka, ambaye wateja humwita Bisibisi. "Ningekuwa wewe, dada, ningechukua ya nne."

"Ya nne kampe shemeji yako," anajibu. "Mimi nipe ya nane."

Mtaani wanamwita Mama Nembo. Anadarizi nembo za sweta za shule katika chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na mama yake mzazi, kwa cherehani ya kichwa kimoja. Ufundi aliupata kwenye karakana kubwa, kwenye mashine ya vichwa sita. Ukiiwasha, nembo sita zinatoka kwa pamoja.

Huko ndiko hesabu yake ilikotoka. "Vichwa vingi, kazi nyingi. Sasa mtu ananiambia niache nane nichukue nne, bei moja? Nikasema huyu kuna kitu kimemdodea, anatafuta wa kumtwisha."

Kabla nembo haijashonwa, kompyuta hugeuza mchoro kuwa mishono ambayo cherehani itaifuata. Kwa kuwa hakuwa na kompyuta, Mama Nembo alipeleka michoro kwa mtu mwenye ofisi ya uchapaji. Robo ya malipo ya kila kazi iliishia huko. Mchoro nao ulibaki huko.

Mwaka jana, shule aliyoishonea kwa muda mrefu iliacha kumletea sweta. Siku moja mwanafunzi akapita mlangoni na sweta mpya.

"Nikamwita, nikaitazama ile nembo. Kona ya ngao niliikosea kidogo tangu mwanzo, nikaiacha hivyohivyo. Nikaikuta ipo. Kosa langu, mkono wa mtu mwingine."

Mwenye ofisi ya uchapaji alikuwa amemuuzia mdarizi mwingine mchoro wa Mama Nembo. Hakwenda kugombana. Alianza kuweka akiba ya kununua kompyuta yake mwenyewe.

Mama yake hakuafiki. "Kwa hela hiyo si ungenunua cherehani ya pili?" alimwambia. "Cherehani ikifa, meza inabaki. Hilo sanduku likifa utalifanyia nini?"

Ndiyo maana pale kaunta haondoki haraka. "Hela ya kununua ninayo," anasema. "Ya kukosea sina."

Bisibisi habishani naye. Anavuta kompyuta mbili za majaribio, moja ina prosesa ya kore nane, nyingine ya nne. "Una kazi yako hapo?"

Mama Nembo anatoa flashi yenye programu ya kudarizi anayotaka kutumia na mchoro wa tai aliyekunjua mabawa, manyoya tele. Fundi anaviweka kwenye kompyuta zote mbili, anaziamuru zianze kwa pamoja kuugeuza mchoro kuwa mishono. Kisha anafungua dirisha linaloonyesha kila kore inafanya nini.

Kwenye ile ya nane, mstari mmoja umepanda hadi juu. Mingine saba imelala chini.

"Na hawa wengine?"

"Wanamtazama mwenzao."

Programu yake ni ya zamani, fundi anamweleza, nayo kazi hii huipa kore moja tu. "Tena uzi wenyewe ni mmoja. Mshono wa pili utajuaje uanzie wapi kabla wa kwanza haujaisha?" Hii ya kore nne ni ya juzijuzi, na kila kore yake ina mbio zaidi.

Tai wa kore nne anamalizika. Wa kore nane bado yuko bawa la pili.

Mama Nembo anaisogeza pembeni prosesa ya nane. "Kumbe nilitaka kuajiri wanane, anayefanya kazi mmoja, na mwenyewe mvivu!"

Wateja wengine dukani wanacheka. "Ungekuwa unahariri video ningekupa ya nane bila maneno," anasema Bisibisi. "Na shemeji je?"

"Shemeji atajijua. Funga hiyo ya nne. Na kwa kunisimamisha hapa, punguza kidogo."

Bisibisi anampunguzia.

Sasa kompyuta iko kando ya cherehani, imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi la nyuzi. Robo iliyokuwa ikienda ofisini inabaki nyumbani. Mama yake bado anauliza kila jioni kama "sanduku limeshalipa chakula chake." Anajibiwa kwamba linajitahidi.

Nyuma ya soko kuna shule mpya inayokaribia kufunguliwa, na haina nembo bado. Mama Nembo ameichorea moja, na wiki ijayo atakwenda kuionyesha kwa mwalimu mkuu.

"Akiipenda, nitashona," anasema. "Asipoipenda sitanuna. Nitamshukuru, nitauchukua mchoro wangu, nirudi nao nyumbani."