Marehemu wa Kishanda Aliyekuja Kuchukua Miche

Programu ya daftari la wakulima wa kahawa wa chama chetu kule Muleba niliiandika mwenyewe, kwa majivuno yote ya mtu aliyesomeshwa chuo kikuu kwa kahawa ya wazazi wake. Sehemu ya "hali" ilipokea neno moja tu, hai au marehemu, na ukishaandika marehemu hakuna kubadili. Nililieleza hilo kikaoni kwa saa nzima. Wafu, nikasema, hawatachukua miche tena. Wajumbe walinipigia makofi.

Sikuwafikiria Wahaya wenzangu, ambao wakipata nafasi hujijengea kaburi mapema kama wengine wanavyojenga choo. Karani wetu alipokwenda kupima vibanja, mashamba yetu ya migomba na kahawa, huko Kishanda, alimkosa mama mmoja mjane, aliyekuwa kanisani. Kaburi lake hakulikosa. Lilikuwa migombani, pacha na la mumewe, vigae vyeupe, jina kamili, mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wa kufa haukuwapo. Karani alidhani fundi amesahau.

Siku ya kugawa miche nilitoka Kitendaguro asubuhi, nikapita Kemondo bila hata kununua samaki, ili nikashuhudie kazi ya mikono yangu. Niliukuta msongamano mezani. Kompyuta ilikuwa imegoma kumchapia mama yule hati ya miche arobaini, na karani alikuwa akimweleza kwa upole kwamba amefariki. Mama alijibu kwamba mashimo ameshachimba, mvua ndiyo hii, na kama kweli amekufa angependa kujua nani alimlilia.

Faili la kumbukumbu hufunguliwa kwa idhini ya kikao tu, na kikao kilikuwa wiki inayofuata. Miche isiyochukuliwa ingerudishwa kitaluni jioni ileile. Ikabaki njia moja, ambayo wenye fani huiita rifleksheni: programu ikiwa kazini, unaiamuru ijichungulie yenyewe, ikuoneshe sehemu zake zote hadi zile za siri, kisha unafungua kufuli na kubadili kilichomo. Mistari minne. Ulinzi wangu ule wa makofi niliuvunja kabla chai haijapoa.

"Umefufuka, mama."

"Mbona sikukaa hata siku tatu?"

Ilinibidi nikiri kwamba ufufuo huu uko kwenye kichwa cha mashine tu, faili halina habari. Ikizimwa, yeye ni marehemu tena mpaka kikao. Na mtu wa ghala alihakiki kila hati kwenye mashine hiyohiyo kabla ya kutoa mche.

"Basi usiizime, mwanangu, mpaka mche wa mwisho upande pikipiki."

Umeme ulikatika mama akiwa wa kumi kwenye foleni ya ghalani. Nilikaa nikiitazama betri kama anavyotazamwa mgonjwa, digrii yangu ikiwa haina msaada wowote. Ilivumilia. Walipofunga kamba ya mwisho nikaizima, na kwa mujibu wa rekodi zangu, miche arobaini ilikuwa ikipanda kilima kwenda Kishanda na marehemu, akimfokea dereva asikimbize.