Siku Moja Tu, Dada Nesi

Kitu cha kwanza nilichokitilia shaka kilikuwa mguu wangu mwenyewe. Nilizinduka katika wodi ya wanawake mjini Tarime, mguu wa kushoto umefungiwa ubao, kichwa kizito kama nimebebeshwa gunia. Nesi wa zamu akaniambia kwamba nimegongwa na gari alfajiri ile, Jumanne, na aliyenigonga ndiye aliyenileta.

"Mshukuru Mungu," alisema. "Wengine hukimbia."

Nikamwomba ainue shuka. Mimi pia ni nesi. Wakati huo nilikuwa zahanati moja ya Nyarero, nimepangiwa kazi kutoka kwetu Kondoa, na miguu iliyovunjika nimeiona mingi. Huu wangu ulikuwa umevimba ukang'aa, na karibu na kifundo yalikuwa yameota malengelenge yenye maji. Malengelenge kama yale kwa kawaida hayaji haraka. Halafu mkononi nilikuwa na alama ya sindano ya dripu iliyokwisha kutolewa, na pamba yake imebandikwa kwa plasta ya aina ambayo wodi ile hawakuwa nayo.

"Nani aliniwekea dripu?" nikamuuliza.

"Labda sisi, ulipofika."

"Labda?"

Akafunika mguu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilichokumbuka ni hiki. Ilikuwa siku ya chanjo, na kwetu chanjo ni Jumatatu. Akina mama walikuwa wengi, watoto wanalia, nimechelewa kufunga. Nilitembea kando ya barabara kuelekea nilikopanga, jua linaelekea kuzama, nimeshika kibebeo cha chanjo kikiwa kitupu. Nikasikia injini nyuma yangu ikija kwa kasi upande wangu. Baada ya hapo nakumbuka harufu ya soda iliyomwagika, na sauti ya mwanamume ikimwita mwenzake kwa neno la Kikurya la kijana, "Mura, mnyanyue, mnyanyue upesi." Basi.

Ila mtu aliyepigwa kichwa haamini sana anachokumbuka. Nikawa najiuliza kama nimechanganya siku.

Dereva alikuja jioni hiyo. Kijana mwembamba, amevaa shati la kazi, ameshika chupa ya maziwa kwa mikono miwili kama anayepeleka sadaka. Akaniamkia shikamoo ingawa hatukupishana sana kwa umri.

"Dada nesi, nisamehe. Jumanne hii sitaisahau."

Nilijiuliza kwa nini mtu anayeomba msamaha ataje siku. Kesho yake akaja mwenye gari, mfanyabiashara wa vinywaji mwenye duka Sirari, mtu mnene, mpole wa sauti. Alikaa kwenye benchi akaniuliza hali, akaahidi nitatibiwa mpaka nipone, na kabla hajaondoka akasema, "Ajali ya Jumanne hii imetuumiza sote." Mke wake aliyemfuata nyuma akaitikia, "Kweli, Jumanne mbaya." Hata mzee mmoja wa kanisa lao, aliyekuja kuniombea wakati mimi ni Mwislamu, alimshukuru Mungu kwa kuniokoa siku ya Jumanne.

Tangu nizaliwe sijawahi kusikia siku moja ikitajwa na watu wengi hivyo. Maziwa nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili. Naye sikumwona akiyanywa.

Mama mwenye nyumba yangu alikuja mwisho wa wiki kutoka Nyarero, na kikapu cha viazi. Ni mama wa Kikurya, Kiswahili chake kifupi, hakuna neno analolipoteza. Nikamuuliza polepole, kama ninayeuliza habari za mvua: "Mama, mara ya mwisho nililala nyumbani lini?"

Akanitazama. Akageuka kutazama mlango.

"Jumatatu ile hukurudi," akasema. "Nilikuwekea ugali. Asubuhi nikawapa kuku."

Nikamshika mkono. "Utaweza kuwaambia polisi hivyo?"

"Mwanangu, mimi nimezaliwa ukoo wa mwenye gari. Yule tajiri ananiita shangazi." Akaanza kupanga viazi kwenye kabati kwa mpangilio usiohitajika. "Nimekuambia wewe. Polisi sijawaambia."

Siku zile nilimshuku kila mtu. Nilimshuku daktari aliyeandika majeraha yangu kwenye PF3, ile fomu ya polisi. Nilimshuku askari mpelelezi aliyekuja kuchukua maelezo yangu siku ile dawa ya maumivu ilikuwa imenilevya, akaandika haraka, akataka nisaini. Nikamwambia nitasaini nikiweza kusoma. Akasema, "Nesi, una maneno," akaondoka na kalamu yake.

Ndipo yule nesi wa zamu, labda kwa kuchoshwa na maswali yangu, akaniitia msaidizi wa kisheria. Wapo katika wilaya zetu watu wa namna hiyo: si mawakili, wamefundishwa sheria za kutosha kumsaidia mtu asiye na uwezo, na hawatozi kitu. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akitoka Mugumu na kurudi, amebeba mkoba wa ngozi uliochanika kamba. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hilo lilinipendeza. Aliponiambia hatozi, nikarudi nyuma kimoyomoyo. Kwetu mtu akikupa bure unauliza nani kalipa.

Na kweli, alipotoka nilijivuta hadi dirishani kwa magongo niliyokuwa nimeanza kujifunza, nikamwona getini amesimama na yule tajiri. Wanacheka. Tajiri alimshika bega.

Aliporudi wiki iliyofuata sikumpa hata muda wa kukaa.

"Mlikuwa mnacheka nini getini?"

Hakushtuka. "Aliniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamwambia. Akasema baba yangu na baba yake walitahiriwa rika moja. Tukacheka."

"Kwa hiyo ni ndugu yako."

"Huku ukitafuta asiye ndugu wa mtu utatafuta mpaka Kenya. Usipocheka na mtu, nesi, hutajua anapanga nini." Akavuta benchi. "Ameniuliza pia kama umeshasaini maelezo. Kwa nini ana haraka hivyo? Wewe hujiulizi?"

"Mimi sifanyi kingine humu ndani ila kujiuliza."

Akatabasamu kidogo. Halafu akanieleza, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kwamba kila gari barabarani lazima liwe na bima ya kuwafidia watu wanaoumizwa nalo, hata kama si abiria. Mtembea kwa miguu akigongwa, hadai huruma ya dereva. Anadai haki yake, na kampuni ya bima ndiyo hulipa. Lakini bima hulipa tu ikiwa ilikuwa hai wakati ule wa kugongwa.

"Jana haisaidii," alisema. "Na kesho haisaidii."

Nikahesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne.

"Sina uhakika," akasema. "Ninashuku tu, kama wewe. Anayejua ni dereva."

Dereva alikuwa bado anakuja na maziwa yake. Safari hiyo alimkuta yule mama msaidizi wa kisheria ameketi kando yangu. Akataka kugeuka, mama akamwita kwa Kikurya, kwa sauti ya dada mkubwa. Kijana akakaa ukingoni mwa benchi. Wakazungumza, sikuelewa ila neno bima na neno jela. Mama akageukia Kiswahili ili nami nisikie.

"Nimemwambia hivi: bosi wako akisema Jumanne na nesi akisema Jumatatu, atakayewekwa kizimbani kwa kudanganya polisi ni wewe uliyeandika maelezo. Bosi hajaandika popote."

Kijana aliiweka chupa yake sakafuni. Kisha akasema akiwa bado anaitazama:

"Gari halikuwa na bima. Ilikwisha zamani. Nilipokugonga nilimpigia simu, akaniambia nisikupeleke hospitali kwanza. Mimi na utingo wangu tukakupeleka kwa mtu anayemjua, mwenye kazahanati kake binafsi. Ukawekewa dripu, ukapewa dawa ya usingizi. Usiku huohuo akakata bima kwa simu. Alfajiri akasema sasa mpeleke, ukaseme ni leo."

Usiku mzima. Mfupa umevunjika, kichwa kimepigwa, nimelazwa mahali watu wakingoja kuche ili ajali yangu itokee. Kama damu ingekuwa inavuja ndani ya kichwa, wangekuwa wameingoja nayo.

"Na ningekufa usiku?" nikamuuliza.

"Nilikaa na wewe," alisema. "Nilikuwa nakuita. Kila mara ulikuwa unaitikia, unataja majina ya watoto wa chanjo."

Sikujua nifanye nini na jibu hilo. Mpaka leo sijui.

Tajiri alikuja kesho yake, safari hii peke yake. Nadhani alikwisha kusikia. Akavuta benchi karibu zaidi kuliko nilivyopenda.

"Dada nesi, tuongee kama watu wazima. Wewe ukisema Jumanne, kampuni inakulipa vizuri, tena haraka. Ukisema Jumatatu, unabaki na mimi, na mimi mali yangu iko kwenye soda tu. Unajiumiza mwenyewe. Siku moja tu. Siku moja inakupunguzia nini?"

"Kama hainipunguzii kitu mimi, mbona wewe umeihangaikia hivyo?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Sitasema kwamba sikushawishika. Nilikuwa na mama Kondoa anayenitegemea, na mguu ambao daktari alisema utahitaji chuma. Nikamuuliza yule mama wa Mugumu angefanya nini angekuwa mimi. Akakataa kunichagulia. "Ninachoweza kukuambia ni hiki," alisema. "Ukiandika Jumanne, umeungana nao. Kampuni ikichunguza ikagundua, utakosa fidia, na utakuwa mshtakiwa wa tatu. Na watakaosema ni wewe uliyeomba iandikwe hivyo ni hao wanaokuletea maziwa."

Hilo ndilo lililoniamua. Sijifanyi kwamba ulikuwa ukweli tu. Niliogopa kuwekwa kundi moja na watu nisiowaamini.

Mpelelezi aliporudi nikasema Jumatatu, jioni, baada ya chanjo. Safari hii nilisoma kila mstari kabla ya kusaini, naye akangoja, anapiga kalamu gotini. Dereva alibadilisha maelezo yake siku hiyohiyo. Na mama mwenye nyumba yangu, ambaye sikumwomba tena, alipanda bodaboda hadi kituoni akasema habari ya ugali na kuku. Nilipomuuliza kwa nini, akasema tajiri alikuwa amempelekea kitenge. "Shangazi huletewa kitenge harusini," alisema. "Hiki kilikuwa cha nini?"

Mahakamani dereva alikiri kosa, akatozwa faini. Mwenye gari naye alishtakiwa kwa kuliweka gari barabarani bila bima, akalipa faini yake akitabasamu kama anayelipia maegesho. Kuhusu ule usiku, yule mwenye kazahanati alisema alidhani nimelewa. Mimi, ambaye sijaonja pombe. Hakuna aliyeweza kumbana zaidi, na mpaka leo napita mbele ya mlango wake nikienda mjini Tarime, bado uko wazi.

Fidia ikawa shauri lingine la madai. Msaidizi wa kisheria hakuruhusiwa kusimama mahakamani, akanitafutia wakili wa kujitolea aliyekuwa akija Tarime mara chache, na kila alipochelewa nilijiambia amenunuliwa. Hakuwa amenunuliwa. Basi lilikuwa likiharibika. Wakati tunangoja, tulisikia tajiri ameanza kuhamisha ile pikapu iliyonigonga iwe kwa jina la kaka yake. Wakili akaiomba mahakama izuie. Baada ya hapo yule mtu mpole wa sauti akakubali suluhu, ikaandikwa mbele ya hakimu: atalipia chuma cha mguu, na hasara ya miezi niliyokaa bila kutembea, kwa mafungu.

Mafungu ya kwanza yalikuja. Kisha yakaanza kuchelewa, kisha yakakatika. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeomba uhamisho, nimepelekwa Machochwe, wilaya ya Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi, nikitembea kwa kuchechemea, upande wa barabara unaoyatazama magari yanayokuja.

Asubuhi moja nikamwona yule tajiri mlangoni mwa zahanati, ameshika kamba, na mwisho wa kamba mtamba mwekundu, mzuri, mbavu zimefunikwa na nyama.

"Nimekuja kumaliza deni," alisema. "Pesa sina. Wakili wako amekubali ng'ombe, muulize. Huyu ni zaidi ya ninachodaiwa."

Nikampigia wakili. Ni kweli, alikubali.

Nikamzunguka yule mtamba. Niliangalia masikio, niliangalia chapa pajani. Nimekaa Mara miaka ya kutosha kujua kwamba ng'ombe mzuri anayeletwa asubuhi na mapema na mtu asiye na pesa ana hadithi yake.

"Kibali chake kiko wapi?"

"Kibali cha nini? Ng'ombe ni wangu."

"Cha mtendaji wa kijiji alikotoka. Na aliyekuuzia ni nani."

Alitikisa kichwa, akacheka, na safari hii nadhani alicheka kweli. "Nesi wa Kondoa, mkoa huu wa Mara umeshakuharibu."

"Mfunge pale kwenye mti wa nje ya uzio," nikamwambia. "Ndani ya uzio asiingie mpaka nione kibali."

Hakumfunga. Aligeuka naye, wakashuka barabarani wawili, mtamba akimtangulia. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, nikijiuliza kama nimefukuza mali yangu halali kwa ukaidi.

Alirudi wiki iliyofuata na mtamba yuleyule, na kibali chenye muhuri. Mtendaji mwenyewe alikuwa amefuatana naye, na mzee aliyemuuza, ambaye alinieleza mama yake mtamba na bibi yake mtamba mpaka nikachoka kusimama. Nikasaini kwamba deni limekwisha. Mzee akanikabidhi kamba, akaniomba nisimwite jina la mtu, maana ng'ombe wa nyumbani kwake hawajazoea.