Sauti Kutoka Stoo

Koplo Obwona alikuwa na jina zuri tu alilopewa na babake, lakini katika kambi ndogo ya polisi pale mteremkoni Makindye hakuna aliyelitumia. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametunza stoo ya kambi, na mablanketi yake, buti zake na majembe yake, basi mwisho yeye mwenyewe akawa Stoo. "Stoo, nipe buti namba nane." "Stoo, nyumba yangu inavuja, nataka turubai." Mkewe, Rosalba, alikuwa Mama Stoo, na mwalimu wa binti yao aliwahi kuandika kwenye ripoti ya shule, kwa nia njema kabisa, "Mzazi: Bwana Stoo."

Mtu anaweza kuzoea. Obwona hakuzoea. Alitamani kitu kimoja, wala hakuona haya kukitamani: siku moja atoe sauti, na kambi nzima isimame.

Mwezi wa pili nafasi ikajitokeza. Sajenti Okwera, mpiga buruji, alikuwa anastaafu mwezi wa sita. Buruji ni ile tarumbeta fupi isiyo na vitufe, na pale kambini ndiyo iliyowaamsha watu, ikawaita gwaride, ikawaruhusu wakale. Okwera alikuwa ameipuliza miaka ishirini na minane. Mkuu wa kambi, OC Masinde, mpenda mambo ya kisasa, alikwisha kununua spika kubwa na kurekodi buruji kwenye simu yake.

"Lakini mtu akitaka kazi hii, nitamjaribu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo wa sita," alitangaza. "Apulize, watu waje ndani ya dakika kumi. Wasipokuja, tunafungua spika."

Spika ililetwa stoo, na Obwona ndiye aliyeipokea na kuiweka rafu ya pili. Tangu siku hiyo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, alishinda akitazamana na mpinzani wake ndani ya katoni.

Alimwendea Okwera kwanza, amwombe amfundishe. Mzee hakuinua hata kichwa. "Kitu hii haifundishwi," alisema. "Iko ndani yako ama haiko."

Basi Obwona akatafuta mwalimu nje. Kila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, wenzake wakienda kutazama mpira, yeye alikwenda Lubaga kwa Papa Katembo, Mkongomani muuza vitenge ambaye pia alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa lake. Alibeba buruji kuukuu ya stoo, imebonyea ubavuni.

"Weye unapuliza na mashavu," Papa Katembo alimwambia siku ya kwanza, akimdunga tumbo kwa fimbo ya kupimia vitenge. "Mashavu ni ya kula bugali. Puliza na tumbo."

Alikuwa mwalimu mzuri mwenye kasoro moja: hakuweza kuacha wimbo uishe. Kila mwisho aliubandika mkia mdogo wa kutikisia kiuno. Obwona akamweleza kwamba polisi hawaingii gwaride wakitikisa kiuno.

"Hapo ndipo munakosea," Papa Katembo akasema.

Siku zilizobaki alifanya mazoezi nyuma ya stoo. Na alikuwa mtu wa haki, dakika ya serikali hakuigusa: saa kumi na moja kamili afunge daftari, afunge mlango, ndipo atoe buruji. Miezi miwili ya kwanza ilitoka sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Midomo ilimvimba hadi Rosalba akaulizwa bombani amempiga mumewe na nini. Jirani yao Aciro akaja na malalamiko rasmi.

"Stoo, bambi, pole, hiyo kitu yako imefanya kuku yangu anaacha kutaga. Kama ni tumbo inauma, sema, tukupe dawa."

Halafu jioni moja ya mwezi wa nne, kwa bahati tu, sauti tatu za mwito wa gwaride zikatoka sawasawa. Makonstebo wawili wakachomoka mbio, mmoja amenyoa ndevu upande mmoja, mwingine na buti moja. OC Masinde mwenyewe akatoka akifunga vifungo. Wakamkuta Obwona nyuma ya stoo, mashavu yamemtuna.

Kesho yake OC akatoa amri mbele ya wote. "Kuanzia leo, sauti ikitoka upande wa stoo, hiyo si buruji, ni kelele. Mtu asitoke. Atakayetoka nitamweka ndani." Kambi ikacheka hadi mstari ukapinda. Obwona naye akacheka, kwa kuwa aliyetania alikuwa na cheo, lakini ilimuuma sana.

Hakuacha. Na taratibu, bila mtu kujua, mbuzi akafa na buruji ikazaliwa. Papa Katembo peke yake ndiye aliyesikia. Kambini watu walisukana nywele na kuchambua mboga, na mgeni akiuliza ni nini hiyo, wakamjibu, "Ni Stoo tu."

Alhamisi ya mwisho wa mwezi wa sita, Okwera akaja kurudisha vifaa vyake. Obwona akaipokea buruji yake, inang'aa. Mzee akaigusa mara moja tena kwa kidole, akarudi nyumbani kwake mle mle kambini bila kuaga.

Ijumaa saa kumi na moja jioni, Obwona akiwa amepiga sare yake pasi hadi kola ikasimama, yeye na OC wakaelekea kwenye mlingoti wa bendera. Hawajafika, mvua ikaanza. OC akageuka, akapanda baraza ya stoo.

"Puliza hapa hapa."

Obwona akautazama mlingoti. "Afande, pale mlingotini ingekuwa..."

"Nilowe kwa sababu yako?"

"Hapana, afande. Ila ile amri yako ya mwezi wa nne..."

"Koplo, unabishana?"

"Hapana, afande."

Akavuta pumzi hadi chini kabisa ya tumbo, akapuliza. Lo! Ilitoka safi, ikapanda juu ya mabati na kuipita kelele ya mvua. Mwishoni tu, kwa mazoea, kamkia ka Papa Katembo kakamponyoka. OC akainua nyusi, kisha akatazama saa.

Mlango wa kwanza haukufunguka. Wala wa pili. Makonstebo wanne waliokuwa wakicheza ludo barazani kwao hawakuinua macho. Aciro, jikoni kwake, alipunga kisu kwa furaha. "Stoo, leo umejaribu!" Akaendelea kukata mboga yake ya nakati. Obwona akaelewa: miezi minne alikuwa akijifunza kupuliza, na miezi ile ile kambi ilikuwa ikijifunza kutomsikia.

Dakika ya nne. Ya sita.

"Sauti si mbaya," OC akasema. "Lakini watu wako wapi? Nenda ulete ile katoni."

Maana mtunza stoo alikuwa yeye. Akaingia, akaikumbatia spika kutoka rafu ya pili, na pale gizani kati ya mablanketi machozi yakamlengalenga. Ndipo akasikia buti nje.

Alipotoka na katoni mikononi, katikati ya uwanja, kwenye mvua, alisimama mtu mmoja. Ni Okwera. Alikuwa na fulana, kaptula, buti zisizofungwa kamba, na povu la sabuni shavuni, lakini amekakamaa wima, visigino pamoja.

"Mzee Okwera!" OC akapaaza sauti. "Si umestaafu jana?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa unafanya nini kwenye mvua?"

"Nimeitwa, afande."

Wacheza ludo wakainua vichwa. Kumwona Okwera amesimama wima nao waendelee kukaa, hilo halikuwezekana. Ubao ukapinduka, milango ikabamizwa, watu wakamiminika, mstari ukajipanga. OC akatazama saa. Dakika ya tisa.

"Na nyinyi mlikuwa wapi?" akafoka.

"Afande," konstebo mmoja akajibu kwa woga, "ulisema sauti ya stoo ni kelele."

OC akamgeukia Okwera. "Na wewe, amri yangu hukuisikia?"

"Niliisikia, afande. Ulikataza kelele. Hii haikuwa kelele."

OC akakohoa, akaweka saa mfukoni. "Kazi ni yake," akasema.

Okwera akageuza kichwa kidogo tu kuelekea baraza ya stoo. "Koplo Obwona," akasema, na kambi nzima ikasikia. "Ile mkia ya mwisho, kata."

Obwona alitaka kupiga saluti, lakini mikono yote miwili ilikuwa imebeba spika.