Nimeheshimu bendera, baiskeli ikaenda

Bantu ya muji wa Baraka, municheke tu, lakini musome mpaka mwisho.

Kwetu pembeni ya muji, unapanda baiskeli bila kusimama. Shida ni mashimo na mbuzi.

Muji uko na bendera.

Asubuhi nilikuwa napeleka ndagala za mama, zile samaki ndogo za kukausha, soko. Kufika mbele ya bureau ya serikali, bendera inapandishwa. Sheria tunaijua: unashuka, unasimama wima, hutikisiki. Nikaegemeza baiskeli kwenye muti, nikasimama. Bantu bote vilevile.

Mwanajeshi mumoja akatoka nyuma yetu. Yeye hakusimama. Akapanda baiskeli yangu na ndagala zote, akaenda polepole, kama vile ni ya baba yake!

Sisi bote tulimuona. Hakuna muntu alitikisika. Hata mimi mwenyewe, muntu wa haya, niliendelea kuangalia bendera tu.

Bendera ilipofika juu, polisi akanigusa bega kama mutoto wake: «Bravo, petit. Umesimama muzuri.»

«Papa polisi, baiskeli yangu...»

«Tumeona. Iko vita, mwanajeshi haulizwi. Rudi kwenu.»

Nimerudi kwa miguu. Mama hakunigombeza. Ameuliza tu: «Kesho tutabeba ndagala na nini?»

Nyinyi mungepiga kelele? Semeni ukweli.