Barua Kutoka Nyumba ya Watoto

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nafundisha darasa la tatu asubuhi katika shule ya mtaa wa Mwanjelwa, na kuanzia saa tisa alasiri nafundisha kisomo cha watu wazima katika chumba hichohicho. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, wakiandika a, e, i, o, u.

Mmoja wao alikuwa mama wa Kinyakyusa, mjane, muuza ndizi sokoni. Siku ya kwanza alisema kilichomleta: "Mwalimu, nataka nisome barua za mwanangu mwenyewe."

Mwanawe alikuwa na miaka kumi na minne. Aliiba baiskeli, mahakama ikampeleka katika nyumba ya kurekebisha watoto, upande wa Iringa. Nyumba ile ilifungwa zamani na sitaitaja. Wakati mama anajifunza, barua nilimsomea mimi. "Mama shikamoo. Mimi sijambo. Chakula ni kizuri na walimu wanatupenda. Usiwe na wasiwasi." Nilimsifia mwandiko wa mwanawe. Nilimwambia ana bahati, serikali inamlelea mtoto. Niliamini hivyo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemshauri baba mmoja wa mtaa wa Ilomba asimwombee mwanawe msamaha kwa hakimu, kwamba katika nyumba hiyohiyo ndiko atakakonyooka.

Baba huyo ndiye aliyenifumbua macho bila kujua. Alikuja darasani na barua ya mwanawe nimsomee. Nilipofika mstari wa pili nikaiweka chini. Nikamwomba mama atoe ya kwake, nikaziweka pamoja mezani. Maneno yalikuwa yaleyale, na neno "wasiwasi" wote wawili walikuwa wameliandika "wasiwazi". Mimi ni mwalimu, naijua kazi iliyonakiliwa ubaoni.

"Mara ya mwisho mmewaona lini?" niliwauliza.

Baba alisema hajawahi kwenda. Mama akashangaa swali lenyewe. "Si niliweka dole gumba mahakamani? Nilishamtoa kwa serikali."

Karatasi aliyoiwekea dole gumba alikuwa ameitunza ndani ya mfuko wa sukari. Niliisoma mbele ya darasa zima. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba amemtoa mtoto. Iliandikwa kwamba mzazi anaweza kumtembelea kila mwezi, na akiwa na malalamiko ayapeleke kwa hakimu. Mama aliniomba nimsomee tena, polepole, kisha akaifuata mwenyewe kwa kidole, neno moja baada ya jingine. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyeondoka.

Tulisafiri kwa basi, mama, yule baba na mimi. Mama alikuwa amebeba shati jipya la kaki. Getini mlinzi alitusalimu, "Kamwene," akatuambia tusubiri, na tulisubiri mpaka mchana. Baba aliitwa kwanza, akamkuta mwanawe amelazwa kwa homa, akabaki naye huko. Mama na mimi tukaingizwa ofisini. Kijana aliletwa akakalishwa karibu kabisa na msimamizi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Mama alipoanza kusema Kinyakyusa, msimamizi alimkata.

"Hapa Kiswahili tu, mama."

Basi mama akauliza kwa Kiswahili. Unakula? Nakula. Unasoma? Nasoma. Kijana alijibu huku akitazama viatu vya msimamizi. Mimi nilikuwa nimejiandalia maswali mengi na yote yakanipotea.

Mama ndiye aliyejua la kufanya. Alilikunjua lile shati. "Vua hilo, baba, tuone kama hili linakutosha."

Kijana hakusogea. Msimamizi akasema atalijaribu baadaye. Mama alisimama akaanza kumfungua mwanawe vifungo mwenyewe, kama anayemvua mtoto wa miaka mitatu. Mgongo ulikuwa na makovu juu ya makovu, na mengine hayajakauka.

"Alianguka kwenye kuni," msimamizi alisema.

"Ameanguka mara ngapi?" mama akauliza.

Alimvalisha mwanawe shati jipya, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, halafu akamwambia mbele ya yule mtu, "Nitakuja mwezi ujao. Na mwezi unaofuata. Nitakuvua tena."

Barua kwa hakimu aliiandika yeye. Nilijitolea kumwandikia akakataa. Ilikuwa na mistari sita, herufi kubwa kama za ubaoni, na baba wa Ilomba akaweka dole gumba chini yake, na wazazi wengine wawili tuliowatafuta katika mtaa wetu wa Soweto, wenye watoto kulekule. Hakimu alimtuma bwana ustawi wa jamii, ambaye aliwakuta watoto wakilima shamba la mahindi la msimamizi, na fimbo ikiwa imeegemezwa mtini. Wiki chache baadaye vijana wanne waliruhusiwa kurudi kwao, chini ya uangalizi.

Tangu hapo, kila alasiri ya Ijumaa tuliacha vitabu, nikawafundisha wazazi namna ya kutembelea mtoto aliyefungiwa: omba kuona anapolala, mwangalie anavyokaa, mwulize anamwogopa nani na si kama yu mzima, usiende mara moja ukaridhika. Mengi ya hayo niliyapata kwa mama yule. Baba wa Ilomba nilimwomba radhi. Alisema, "Hata mimi nilitaka anyooshwe, Mwalimu," tukaishia hapo.

Kijana alijifunza useremala. Sikio lake la kushoto halikusikia tena, na akiitwa kwa nyuma alikuwa anaruka.

Msimamizi alihamishwa. Nilimwuliza bwana ustawi amehamishiwa wapi, akasema hajui. Niliandika barua wilayani kuuliza. Nikaandika ya pili, na ya tatu. Sikujibiwa hata moja.