Nguo Saba za Buluu

Fundi alishona nguo miaka thelathini na mmoja, na familia nzima ilivaa kazi ya mkono wake bure. Hakuna aliyeijua miili yao kama yeye: nani bega lake moja limeshuka, nani amenenepa kiuno na hataki kuambiwa. Lakini alipoanza kuumwa, wote walimgeuza mtoto mchanga.

"Ni vidonda vya tumbo tu, dada," mdogo wake alimwambia, wakiwa wamesimama chini ya bango la hospitali lililoandikwa SARATANI kwa herufi kubwa kama ndoo.

"Na hilo bango?"

"La zamani hilo. Siku hizi humu wanatibu kila kitu."

Fundi alishausikia ukweli. Daktari alishamweleza binti mkubwa wa fundi kila kitu pale koridoni, na mlango ulikuwa wazi. Alichotaka sasa ni kitu kimoja tu: mtu akae naye, autaje ugonjwa kwa jina lake, ili na yeye apate kusema kwamba anaogopa. Kila alipofungua mdomo, walimrukia. "Acha uchuro!" "Utapona, mama, kunywa uji." Walikuja kwa wingi, hilo tuwape haki yao, walijaza sebule, wakacheka kwa nguvu, wakaondoka. Hofu ikabaki naye.

Asubuhi moja binti mkubwa na yule mdogo wa fundi wakaleta jora zima la kitambaa cha buluu iliyokolea.

"Tushonee sare, mama. Nguo saba. Kuna shughuli ya ukoo."

"Shughuli gani?"

"Ya... harusi."

"Ya nani? Lini?"

"Tarehe bado," mdogo wake akadakia. "Wewe shona taratibu, dada, ukichoka pumzika. Ila usichelewe sana."

Jamani! Mji mzima umejaa mafundi, na watu hawa wanampelekea fundi sare za msiba wake mwenyewe! Hata si kwa ubaya. Nguo zao zilishonwa kwake siku zote, basi miguu ikawaleta kwake. Fundi akahesabu kwa vidole: binti zake wawili, mdogo wake, mawifi watatu, mke wa mwanawe. Saba. Yeye hayumo.

Hakulia. Alishona wiki mbili, ndoo ya kutapikia ikiwa miguuni, na hakuna mshono hata mmoja uliopinda. Walipokuja kujaribu, walimkuta amezifunga kwenye shuka na kuzikalia.

"Niambieni naumwa nini, niwape nguo zenu. Sitaki kingine. Naogopa peke yangu humu ndani, nimechoka."

Binti mkubwa akatazama dari. Midomo ilimcheza, machozi yakamlengalenga, na fundi akaegemea mbele, akijua neno limefika.

"Vidonda vya tumbo, mama," binti akasema.

Fundi akainuka, akafungua shuka, akamgawia kila mtu yake. Chumba kikachangamka ghafla. Wakavaa, wakasifiana, wakagombea kioo. Binti mkubwa akajigeuza huku na huku, akashika kiuno.

"Hapa bado inapwaya kidogo, mama. Hebu nipunguzie."

Fundi akabana pini midomoni, akapiga magoti sakafuni, akaanza kumpunguzia.