Siku Kwaya Yetu Ilipovamia Hesabu za Furaha

Acheni nianze kujicheka mwenyewe, ili mtakapocheka msinipite: mimi ndiye niliyetuma kwaya nzima ikamtetee mdogo wangu mbele ya wanahesabu, na wala hawakuwa wamemshambulia.

Mdogo wangu Furaha anasomea udaktari wa hesabu (mimi niliishia humanités, yaani sekondari, hesabu yangu inatosha kugawa fufu mezani bila vita). Ametengeneza programu ya kutatua milinganyo mikubwa, kila mtu anaruhusiwa kuitumia bure na kuangalia ndani ilivyoandikwa, na alikuwa ameipeleka kwenye jarida fulani wataalamu waikague. Isipochapishwa, alisema, hawezi kumaliza masomo. Sasa ukaguzi wenyewe hufanyika peupe, kwenye ukurasa wa mtandao ambao yeyote anaweza kusoma na hata kuandika. Jumapili moja tukila akaniambia mkaguzi ameandika kwamba programu inakataa kuingia kwenye kompyuta yake. Alisema tu, akaendelea na sombe yake, majani ya muhogo. Mimi ndiye niliyeumia.

Kesho yake niko saluni, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles huku ugenini (mimi hutoka nyumbani kwa mambo mawili tu, kanisa na nywele), kichwa kimesukwa upande mmoja, vidole havina kazi, nikatuma ule ukurasa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya: "Mutoto wetu anasumbuliwa, mumusaidie."

Kwetu ukiomba msaada unapewa. Msusi hajafika sikio la pili, ukurasa umeshajaa pongezi za félicitations, amina, picha ya Furaha siku ya ubatizo, na Maman Régine wa sauti ya kwanza anamwandikia mkaguzi: "Monsieur, kama kompyuta yako imezeeka, usimutupie mutoto yetu kosa."

Simu ikalia, ni Furaha, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa. Nikaiweka sauti ya wazi, maana masikio yalikuwa ya msusi.

"Yaya, bale batu njo banani?"

"Bon, watu hao ni kwaya."

"Yaya. Kuko mumoja anauliza mukaguzi kama ameokoka."

Msusi akaacha kitana ili acheke vizuri.

Mhariri wa jarida akaandika, kwa adabu kabisa, kwamba kila anayechangia aseme kama anamfahamu mwandishi, maana jamaa hawaruhusiwi kukagua. Nikaona afadhali nijibu kwa niaba ya wote, nusu kichwa hivyo hivyo: "Tunamufahamu sisi wote, wengine tulimubeba mugongoni. Programu hatukuigusa. Mutusamehe, musimuazibu yeye." Mkaguzi akajibu kwamba bado hajaokoka, na programu bado inakwama.

Furaha alininunia, hata sombe hakuja kula. Lakini akairekebisha, ikaingia, ikachapishwa, na mwishoni, pale pa shukrani, akawashukuru wakaguzi kwa uvumilivu, na kwaya ya dada yake kwa kunyamaza.

Maman Régine aliyasoma hayo kanisani kwa sauti kubwa, kwaya ikapiga makofi, sisi sasa tuko kwenye jarida la hesabu. Nami nilipiga. Nimeapa kutosaidia tena mtu ambaye hajaniomba, na Furaha, asiyeamini viapo vyangu, siku hizi hanisimulii hesabu zake kabla hajanipokonya simu.